Kuwatumikia watoto wa makao: somo kwa makundi yote ya kanisa



Katika mkutano wa wazee wa mwezi uliopita, kundi la wamama lilileta ombi kwamba kanisa letu hapa Kamina lianze kusaidia katika makao ya watoto wasio na wazazi. Ombi ni zuri na lilipokelewa kwa shangwe. Wamama walipendekeza tufanye kwa zamu: Jumamosi hii watu kumi wa kundi la kwanza, Jumamosi ijayo watu kumi wa kundi la pili, na hivyo hivyo mpaka kanisa lote lizunguke, ili pasiwe na mtu wa kukosa baraka. Wazee hawajakata neno. Waliniomba kwanza niandike somo hili, kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya kazi katika makao mamoja hapa mjini, pamoja na watu wa kujitolea wa makanisa mengine, na ninajua siku yao inavyopita. Lisomeni pamoja katika makundi, kisha mtoe mawazo yenu kabla ya mkutano unaokuja.

Nitasema mapema ninavyofikiri, ili msinitafute katikati ya maneno mengi. Zamu ya namna hiyo inawafaa wale wanaotoa. Watoto haiwafai. Sasa nieleze kwa nini.

MTOTO ALIYEWEKWA KANDO YA MTO

Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 2. Hadithi ya Musa tunaijua tangu shule ya Jumapili. Tunakumbuka kikapu, tunakumbuka binti Farao. Yule tunayemsahau ni dada. Mama alipoweka kikapu katika majani ya mto, dada ya mtoto alisimama mbali kidogo ili ajue litakalompata ndugu yake. Hakuwa na feza, hakuwa na cheo, hakuwa na neno la kumwambia askari. Kazi yake ilikuwa kusimama pale na kutazama. Na kwa kuwa alikuwa palepale saa ile binti Farao alipofungua kikapu, aliweza kumwuliza kama aende kuita mlezi kati ya wanawake Waebrania. Akaenda akamwita mama mwenyewe wa mtoto, na mama akalipwa mshahara wa kumnyonyesha mwana wake.

Shikeni mambo mawili hapa. La kwanza, dada hakuondoka. La pili, aliijua jamaa ya mtoto, akaitafutia nafasi. Binti Farao alikuwa na huruma na mali, na bila yeye Musa angekufa. Siwadharau wenye mali. Lakini mali yake isingemrudisha mtoto kwenye titi la mama yake kama pasingekuwa na msichana aliyesimama katika matope ya mto.

Mambo hayo mawili ndiyo somo lote. Yanayofuata ni kuyaeleza kwa maisha ya hapa kwetu.

WATOTO HAWA WANATOKA WAPI

Kamina ni njia panda ya reli. Njia ya kutoka Lubumbashi inafika hapa, kisha inagawanyika: moja inaelekea Kasai mpaka Ilebo, nyingine inaelekea Kabalo na Kalemie. Kwa hiyo taabu nyingi za nchi zimeteremka katika gare yetu. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, treni zilipita hapa zimejaa watu na vitu vyao, na watoto wengine walifia njiani. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, wakimbizi walikuja kutoka upande wa mashariki. Tena miaka ya 2005 na 2006, watu walikimbia vijiji vya Mitwaba, Pweto na Manono, nchi ile iliyoitwa pembetatu ya mauti. Kila mara walikuwako watoto waliobaki bila mtu wa kuwashika mkono, na makanisa ya mji huu, ndugu zetu Wamethodiste na Wakatoliki kati yao, yalifungua milango.

Lakini msifikiri kwamba watoto walioko leo ni watoto wa vita tu. Huyu mama yake alikufa wakati wa kuzaa. Yule baba yake alienda kuchimba madini upande wa Kolwezi na hajarudi. Mwingine ni mgonjwa na jamaa wamechoka kulipa dawa. Mwingine amefukuzwa kwa sababu ya neno baya nitakalolitaja chini. Waliochunguza mambo haya katika nchi nyingi za dunia wameona kwamba sehemu kubwa ya watoto wanaokaa katika makao wana mzazi mmoja angalau aliye hai. Neno hili lisipite haraka. Sisi tunasema "yatima", na mtoto mwenyewe anajua kwamba mama yake yuko Kabongo.

SIKU YA MTU WA KUJITOLEA

Tuseme makao yana watoto 30. Kazi inaanza kabla jua halijatoka, na haianzi kwa maombi wala kwa wimbo. Inaanza kwa mablanketi. Wako watoto wanaokojoa kitandani, hata wenye miaka kumi, hasa waliotishwa sana. Mtumishi mwenye akili anapita kimya, anawaamsha hao wa kwanza, anawapa maji na nguo kavu, anatoa blanketi nje kabla wengine hawajafungua macho. Asipofanya hivyo, siku ya mtoto yule inaharibika kwa kicheko cha wenzake. Hakuna mgeni wa Jumamosi anayeijua kazi hii, maana akifika blanketi limekwisha kukauka juu ya kamba.

Kisha maji. Mtoto mmoja akitumia lita 20 kwa siku, kwa kunywa, kupikiwa, kuoga na kufuliwa, watoto 30 wanataka lita 600, ndiyo bidoni 30 za lita 20. Ikiwa kisima kiko katika kiwanja, tumshukuru Mungu. Ikiwa hakiko, ni kusukuma baiskeli, na mwezi wa tisa kabla mvua haijarudi foleni inakuwa ndefu kuliko subira ya watu. Maji ya kunywa lazima yatengwe na kusafishwa. Jimbo letu la Haut-Lomami linajua kolera: karibu kila mwaka inarudi pande za Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, kule kwenye maziwa na mto Lualaba, na anayesafiri anaweza kuileta mjini. Kila mtu anayetaka kutumika kati ya watoto ajue kwa moyo dawa hii: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayehara anaanza kunyweshwa hayo mara moja, kidogo kidogo, wakati mwingine anatafuta njia ya kumfikisha kwa muganga. Hapimiwi kwa mkono, wala haongezewi chumvi kwa kudhani itamsaidia zaidi. Chumvi nyingi inaweza kumdhuru.

Uji wa mahindi na soya unapikwa juu ya makala. Wakubwa wanaenda shule. Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza masomo ya msingi kuwa bure katika shule za leta, na hilo limewasaidia wengi, lakini daftari, kalamu, viatu na nguo ya shule havikutangazwa kuwa bure. Tena kuna karatasi. Mtoto anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, ni kupitia kwa mwamuzi. Watu wa kujitolea wanapoteza asubuhi nyingi wakikaa kwenye benchi za ofisi juu ya cheti cha mtoto ambaye hata jina la kijiji chake halijulikani vizuri. Ni kazi isiyoimbiwa, lakini bila cheti mtoto anakwama siku ya mtihani.

Mchana ni sombe kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu mpaka sumu yake itoke, ni maharagi, ni ndakala kama feza iko, na bukari ya mahindi na mihogo. Kuwapikia watu 30 kwenye mbabula si sawa na kuipikia nyumba yako. Mikono ya wamama wanaosonga bukari ile inaumwa usiku. Baada ya chakula ni kufua, kukata kucha, kutazama miguu kama ina funza, kushona vifungo, kuamua kesi za mpira.

Sasa niseme juu ya hospitali, maana hapo ndipo niliona kazi hii ni nini. Mnajua desturi yetu: mgonjwa akilazwa, ni jamaa wanaomlinda. Jamaa ndio wanaoleta chakula, wanaonunua dawa, wanaolala sakafuni chini ya kitanda, wanaomwita muganga usiku pumzi ikibadilika. Mtoto wa makao akilazwa, nani analala chini ya kitanda chake? Ni mtu wa kujitolea. Niliwahi kumwona mama mmoja wa kanisa lingine, mjane mwenye watoto wake nyumbani, amelala usiku tano mfululizo karibu na mtoto wa miaka minne mwenye malaria kali. Mtoto akiamka anapapasa mkono pembeni, akiukuta mkono wa mama yule, analala tena. Siku ya tatu muganga alimwambia aende apumzike, mwingine aje. Akajibu: "Akipapasa akakuta mkono mwingine, ataogopa." Muganga hakusema tena.

Usiku ni kuhesabu watoto, kufunga vyandarua, kusali. Na karibu kila usiku mdogo mmoja anauliza neno lile lile: kesho utakuja? Ukisema ndiyo, uje. Kama huji, sema siji. Hakuna neno la tatu.

MGENI SIKU MBILI

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makao wako wageni wengi wa siku moja: makundi ya makanisa, watu wa siasa wakati wa uchaguzi, na katika miji mingine hata vijana wa Ulaya na Marekani wanaokaa majuma mawili au matatu. Wanaleta biskuti na sabuni, wanapiga picha, wanalia kidogo, wanaondoka. Sabuni ni nzuri. Lakini tazameni watoto. Mgeni akiingia langoni, wadogo wanamkimbilia, wanamrukia, wanamshika shingo, na mgeni anasema, "Ona jinsi watoto hawa walivyo na mapendo!" Ndugu zangu, si mapendo hayo. Mtoto wako wa miaka mitatu akimwona mtu asiyemjua anajificha nyuma ya nguo ya mama yake. Ndiyo afya yake. Mtoto anayemrukia kila mtu ni mtoto ambaye hajui yupi ni wake. Na yuko mwingine wa kuhuzunisha zaidi, yule mchanga ambaye halii. Wageni wanamsifu kwamba ni mtulivu. Amelia zamani, hakuna aliyekuja, ameacha.

Hili si wazo langu tu. Katika nchi ya Romania, baada ya utawala wa zamani kuanguka mwaka 1989, walikutwa watoto wengi sana katika nyumba kubwa za serikali, wanalishwa na kufuliwa, lakini mlezi mmoja kwa watoto wengi, tena leo huyu na kesho yule. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 wataalamu kutoka Marekani waliwafuata watoto 136 wa nyumba hizo katika mji wa Bucharest. Nusu walipelekwa kukaa katika jamaa za watu, nusu waliendelea na malezi ya kawaida ya nchi ile. Kadiri miaka ilivyopita, waliopelekwa katika jamaa walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa moyo, hasa wale waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mlezi wa kudumu, basi, ni kama chakula. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa nao ulizungumza juu ya watoto walio nje ya malezi ya wazazi, na ukaonya juu ya kujitolea kunakogeuza makao kuwa mahali pa kutembelea.

Ndiyo sababu zamu ya watu kumi kila Jumamosi inanitia wasiwasi. Kwa mwaka mmoja mtoto ataona nyuso mia tano na zaidi, zote za wema, zote za kuondoka.

JUU YA MAONO NA ULOZI

Hapa tutulie, maana neno hili ni letu hasa. Kanisa letu linaamini unabii. Tunaamini kwamba Roho wa Mungu anaweza kumwonyesha mtumishi wake jambo lililofichwa. Kwa sababu hiyo, watu wanapopata shida nyumbani, kifo, ugonjwa, kazi iliyopotea, wanakuja kwetu kuuliza chanzo. Na katika nchi yetu, Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na hapa pia, wako waliojibu kwa kunyosha kidole kwa mtoto: huyu ndiye mlozi. Mtoto anafungwa, ananyimwa chakula, anapigwa ili akiri, anafukuzwa. Wengine wanalala gare. Wengine ndio hao wanaopokelewa katika makao.

Angalieni ni watoto gani wanaoitwa walozi. Ni yule anayekojoa kitandani. Ni yule mwenye kifafa. Ni yule mwenye SS, anayekuwa mzima leo na kesho analia mifupa, macho ya manjano, tumbo limevimba. SS si ulozi. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anaupata akirithi sehemu kwa baba na sehemu kwa mama, wote wawili, na wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima bila kujua wanaibeba. Mtoto huyo anahitaji maji mengi, kulindwa na malaria, na kufunikwa vizuri katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Kamina, maana baridi inaamsha maumivu. Anahitaji blanketi la pili, na tumempa jina la mlozi. Tena ni yule ambaye mama yake amekufa na mke mpya wa baba hana chakula cha kutosha. Mara nyingi sana, wapendwa, ni huyo.

Sheria ya nchi imesema wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumwacha mtoto na kumtesa, na inataja kumshitaki kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inampa anayemshitaki mtoto kwa ulozi kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Sheria haiulizi kama aliyemshitaki alikuwa amevaa kanzu nyeupe, wala kama alikuwa amefunga siku tatu.

Wengine wataniambia: Shemasi, unaweka mpaka kwa Roho? Hapana. Naweka mpaka kwa ulimi wetu. Nafunua Injili nzima, naona Bwana wetu akiletewa watoto wenye taabu nyingi, hata mwenye kifafa, na baba yake analia. Alimponya mtoto na kumrudisha kwa baba yake. Sioni mahali alipomfukuza mtoto nyumbani. Mwenye maono na awe na maono ya namna hiyo.

Huko Bukavu, mtawa mmoja Mwitalia, Sista Natalina Isella, alianzisha nyumba iitwayo Ek'abana kwa ajili ya wasichana walioshitakiwa ulozi. Wanaofanya kazi pale hawaishii kumlisha mtoto na kumfunga langoni. Wanaenda kwa jamaa, wanakaa nao, wanasikiliza msiba ulioleta mashitaka yale, wanarudi tena na tena mpaka mlango ufunguke. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupika bukari. Lakini kanisa kama letu, linaloogopwa na kuheshimiwa katika mambo ya roho, linaweza kuifanya kuliko wengi. Nabii mmoja akiingia katika nyumba na kusema mbele ya wazee wa jamaa, "Mtoto huyu hana ulozi, mpokeeni," neno lake lina uzito ambao afisa hana.

KUWARUDISHA KWA NDUGU ZAO

Esta alifiwa na baba na mama; Mordekai, mtoto wa baba yake mkubwa au mdogo, alimchukua kama binti yake. Jambo hilo limeandikwa katika sura ya 2 ya kitabu cha Esta. Baadaye, Esta alipokuwa ndani ya nyumba ya mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua ili apate habari zake. Ni sawa na dada ya Musa.

Sisi Waluba na majirani zetu hatukuwa na makao ya yatima zamani. Tulikuwa na mjomba, shangazi, nkambo. Umaskini na vita vimechosha mikono hiyo, lakini haijakatika. Wako waliotuonyesha njia. Nairobi, tarehe 8 Septemba 1992, padri Angelo D'Agostino alifungua makao ya Nyumbani kwa watoto wenye virusi vya ukimwi waliokuwa wakiachwa, akaanza na watoto watatu. Ilikuwa kabla ya dawa nzuri kufika, nao waliwazika wengi. Lakini kazi ile haikuishia kwenye makao. Mwaka 2006 walifungua kijiji huko Kitui, ambamo nkambo mmoja aliyepoteza watoto wake anakaa katika nyumba ya kawaida na watoto karibu kumi, wengine wajukuu wake mwenyewe, wanalima na kufuga. Kilipangwa kwa nkambo 100 na watoto 1000. Na huko Ruyigi, Burundi, Marguerite Barankitse, aliyeokoa watoto 25 katika mauaji ya Oktoba 1993, alikataa kabisa neno "makao ya yatima". Maison Shalom yake ilijenga nyumba ndogo ndogo katika vilima walikotoka watoto, ili ndugu wa tumbo moja wakue pamoja karibu na mashamba ya baba zao, na majirani wawajue kwa majina. Ilimbidi kukimbia nchi yake mwaka 2015, lakini watoto wale walikuwa wamekwisha kuwa watu wenye nyumba na majirani.

Sisi hatuna feza za kujenga kijiji. Tuna kitu kingine: tuna waamini Kabongo, Kaniama, Bukama, Malemba-Nkulu, na katika vituo vingi vya reli. Mtu wa kujitolea anayekaa na mtoto mmoja kwa muda mrefu anasikia maneno madogo. Siku moja mtoto anasema nyumba yao ilikuwa karibu na daraja. Siku nyingine anataja jina la mbwa, jina la mwalimu, wimbo wa kilio cha mama yake. Hayo yaandikwe katika daftari, na daftari likae mahali pamoja. Kisha barua ziende kwa wachungaji wetu wa pande zile. Mgeni wa Jumamosi hawezi kusikia jina la mbwa.

Msinielewe vibaya, si kila jamaa ni salama. Mtoto asirudishwe kwa haraka ili makao yapungue. Kuweka mtoto katika makao, au kumtoa, ni jambo la mwamuzi wa watoto na ofisi ya Mambo ya Jamii. Kanisa lisijifanye mahakama. Na mtoto akisharudi, mtu aende kumtazama baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu, na mwaka. Nkambo akipewa majembe, mbuzi mmoja na daftari za shule, mara nyingi anaweza kumlea mjukuu ambaye jana alimtoa kwa machozi.

NINACHOPENDEKEZA

Tuchague watu sita au wanane, wanaume na wanawake, ambao nyumba zao zimekubali, na waahidi miaka miwili. Kila mmoja awe na siku zake zisizobadilika na watoto wake wachache anaowafuata. Wapimwe kwanza: tabia yao, afya yao, na majirani wao waulizwe. Mtu mzima asijifungie peke yake na mtoto nyuma ya mlango, awe mzee wa kanisa au nani. Fimbo ibaki nyumbani. Picha zisipigwe. Asimwahidi mtoto kitu ambacho hakiko mkononi mwake. Akichoka kabisa, aseme mapema, na amlete mwenzake atakayempokea mtoto polepole, wakiwa pamoja kwa majuma kadhaa.

Wengine wote hawakosi baraka. Makala, sabuni, unga, mablanketi kabla ya mwezi wa sita, mtu wa kuwalinda watoto wa yule mjitoleaji akilala hospitali. Hasa hilo la mwisho. Na wako kati yetu wenye nyumba kubwa na watoto waliokwisha kuolewa. Hao wasali juu ya kumpokea mtoto kabisa, kwa karatasi za mwamuzi.

MAULIZO YA MAKUNDI

Katika Kutoka 2:1-10, dada ya Musa alihitaji nini ili aweze kusimama pale, na nani katika kundi lenu anacho? Je, kuna mtoto katika mtaa wenu, au hata katika jamaa za waamini wetu, anayeitwa mlozi sasa hivi? Msitaje jina lake mbele ya kundi. Mwambieni mzee wa kundi pembeni, naye amwone mchungaji kabla ya Jumapili. Na kwa wale wanaopendelea zamu ya Jumamosi: elezeni sababu zenu kwa maandishi, tutazisoma zote.

Karatasi za makundi zipewe karani wa kanisa. Wanaotaka kujiandikisha kwa miaka miwili wanione baada ya ibada, lakini waje na mke au mume wao, maana nitamwuliza yeye kwanza.